Mwenye Macho Haambiwi Tazama: Ila ya Bidhaa na Wajibu wa Muuzaji na Mnunuzi Katika Mnada wa Mtandaoni

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii hutumiwa katika miktadha mingi, lakini pengine hakuna mahali inapofaa zaidi kuliko sokoni. Anayenunua mbuzi aliyesimama mbele yake mchana kweupe hawezi kurudi siku ya pili akilalama kwamba mbuzi huyo ana pembe moja. Macho alikuwa nayo. Ni yeye aliyechagua kutoyatumia. Hata hivyo, methali hiyohiyo ina upande wa pili ambao aghalabu hausemwi. Ikiwa mwenye macho haambiwi tazama, asiye na macho je? Huyo hana budi kuambiwa.

Makala haya yanadhamiria kuujadili upande huo wa pili kwa kulitazama suala ambalo limewafika wengi katika enzi hii ya rununu na mtandao: nani awajibike pale bidhaa iliyonunuliwa katika mnada wa mtandaoni inapofika ikiwa na ila? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba wajibu hufuata uwezo wa kuona. Sokoni, ambako mnunuzi anaona na kushika, wajibu wa kuigundua ila unagawanywa kati ya pande mbili. Mtandaoni, mnunuzi ni mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Kwa hivyo wajibu wa kuitaja ila unamwangukia muuzaji, na kwa kiasi fulani unamgusa dalali anayewakutanisha. Mnunuzi naye hakosi wajibu wake, ila ni wajibu wa namna nyingine.

Soko la Rhamu na elimu ya mikono

Ili kulielewa jambo hili barabara, inafaa kuanzia mahali ambapo biashara ya ana kwa ana ingali na nguvu. Rhamu ni mji katika Kaunti ya Mandera, kandokando ya mto Daua unaoitenga Kenya na Ethiopia. Kutoka Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita elfu moja kwa barabara. Wenyeji wengi ni wafugaji wa mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, na karibu na mto kuna mashamba ya vitunguu, ndizi na maembe. Kisomali, Kigarre na Kiborana husikika sokoni, nacho Kiswahili hutumika shuleni, ofisini na pale mgeni kutoka kusini anapotaka kujua bei.

Mnunuzi wa mbuzi wa maziwa katika masoko ya aina hii hanunui sifa. Humshika mnyama taya, akamfunua mdomo na kuyatazama meno ya mbele ili ajue umri wake. Hupapasa kiwele akitafuta uvimbe au chuchu iliyoziba. Humtembeza hatua chache aone kama anachechemea. Hutazama macho na pua, akasikiliza kama kuna kikohozi, kwa maana anajua kwamba homa ya mapafu haiondoki na mnyama mmoja pekee, humaliza zizi. Hayo yote hufanyika kabla ya bei kutajwa kwa dhati. Mikono ya mfugaji ni kamusi yake, na kila kiungo cha mnyama ni kidahizo anachokisoma.

Kati ya muuzaji na mnunuzi husimama dalali, ambaye Wasomali humwita dilaal. Neno ni lilelile lililotoka kwa Waarabu na kuingia katika lugha zote mbili. Watafiti wa biashara ya mifugo ya mpakani, akiwemo Peter Little katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu uchumi wa Somalia, wameonyesha kwamba dalali wa mifugo hafanyi kazi ya kutafuta bei tu. Yeye pia humdhamini muuzaji: anathibitisha kwamba mnyama si wa wizi na kwamba mwenye kumuuza anajulikana. Ujira wake ni malipo ya jina lake kama ilivyo malipo ya ulimi wake. Dalali akidhamini uongo leo, kesho atapata wapi wa kumwamini?

Yaonekana basi kwamba katika soko la namna hii mnunuzi ana kinga tatu: mikono yake mwenyewe, jina la dalali, na ukweli kwamba muuzaji ni mtu wa ukoo na kisima kinachojulikana. Anayeuza mbuzi mgonjwa atakutana na aliyemuuzia msikitini, kisimani au arusini. Ndiyo maana methali ya mwenye macho haambiwi tazama haimdhulumu mtu sokoni. Imezungukwa na kinga nyingine.

Mnada usio na macho

Sasa chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mjini Rhamu anayehitaji kipakatalishi cha kuandalia mitihani. Katika kundi la mtandaoni anaona picha ya kipakatalishi kilichotumika, mwenyewe akiwa Nairobi. Chini ya picha imeandikwa bei ya kuanzia, pamoja na maneno mawili: kama kipya. Watu wanashindana usiku kucha, huyu akiongeza mia tano, yule akiongeza elfu. Alfajiri mwalimu ameshinda. Anatuma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007 na iliyowawezesha watu wasiojuana kulipana kwa dakika moja. Kiasi alichotuma ni thamani ya mbuzi wawili au watatu. Kifurushi kinapakiwa katika basi mtaani Eastleigh, na baada ya siku kadhaa kinafika.

Kifurushi kinafunguliwa. Kipakatalishi kinawaka, lakini umeme ukikatika nacho kinazimika papo hapo, kwa kuwa betri imekufa. Mstari mweusi umeikata skrini kutoka juu hadi chini. Mwalimu anapiga simu.

"Mwalimu, mbona hukuuliza?" anajibiwa. "Niliandika kimetumika. Na mali ikishauzwa hairudishwi."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini yeyote aliyewahi kununua kitu cha mtumba kwa picha ataitambua sauti hiyo. Muuzaji anajitetea kwa methali ileile: ulikuwa na macho, ungetazama. Je, mwalimu alikuwa na macho kweli? Picha ilipigwa skrini ikiwa imezimwa, na mstari haukuonekana. Betri haipigiki picha. Picha haina kiwele cha kupapasa wala meno ya kuhesabu. Muuzaji ndiye pekee aliyekuwa na kitu hicho mbele yake, akakiwasha kila siku na kukijua uchovu wake. Kati ya wawili hao, mmoja aliona na mwingine aliamini.

Umbali nao unaongeza uzito wa jambo. Kwa mkazi wa Nairobi, kurejesha kitu ni nauli ya matatu. Kwa mkazi wa Rhamu, ni kukipandisha basini kwa kilomita elfu moja, katika njia ambayo tangu mauaji ya abiria wa basi karibu na Mandera mwezi wa Novemba 2014 inasafiriwa kwa hadhari, na pasipo hakika kwamba atakayekipokea atakubali kukipokea. Hivyo basi kosa la maneno mawili, kama kipya, linamgharimu zaidi yule aliye mbali zaidi.

Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliieleza hasara inayolifika soko zima kwa sababu hii. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1970, yaliyochangia kumpa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi ya mwaka 2001, alitumia mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa kutojua, mnunuzi anakataa kulipa bei ya gari zima. Mwenye gari zima anaona amepunjwa, anajiondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu. Kwa maneno mengine, muuzaji anayeficha ila hamdhulumu mnunuzi wake peke yake. Anamfukuza sokoni muuzaji mwaminifu pia.

Kwa upande mwingine, kuuza kitu kibovu si kosa lenyewe. Inasimuliwa kwamba Pierre Omidyar alipoanzisha mwaka 1995 huko California mnada wa mtandaoni uliokuja kujulikana kama eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika. Omidyar alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama alielewa kwamba kitu hicho hakifanyi kazi. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu za namna hiyo zilizoharibika. Kisa hiki ni kifupi lakini kina funzo kubwa. Kibovu kiliuzwa, ubovu ukatajwa, na hakuna aliyedhulumiwa. Kizuri hakikosi ila, walisema wahenga. Kinachotafutwa ni ila isemwe.

Tashbihi ya muuzaji

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia, kwa sababu uzito wa suala hili uko katika maneno. Tazama msamiati wa matangazo ya mitumba: kama kipya, iko fiti, haina shida, imetumika kidogo, kasoro ndogo tu. Msemo wa kwanza ni tashbihi. Katika ushairi, tashbihi ni pambo. Msomaji anajua kwamba uso wa mpenzi si mwezi, na wala hadai kurejeshewa chochote. Katika tangazo la biashara, tashbihi hugeuka ahadi. Aliyesema kama kipya amemfanya mwenzake alipe bei inayokaribia ya kipya. Nayo maneno kidogo na ndogo tu ni vivumishi na vielezi visivyo na kipimo: kidogo kwa nani, na tangu lini?

Sheria za Kenya, kinyume na wengi wanavyodhani, zinayachukulia maneno haya kwa uzito. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo misingi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema katika kifungu cha 15 kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, sharti ilingane na maelezo hayo. Kifungu cha 16 kinaongeza kwamba anayenunua kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo anastahili kupata bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzika. Lakini kifungu hicho kina tanzu muhimu: mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa, hawezi kulalamikia ila ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Huu si mwenye macho haambiwi tazama kwa lugha ya mawakili? Sheria yenyewe imeifunga methali hii kwenye sharti moja, nalo ni ukaguzi. Pasipo ukaguzi, kinga ya muuzaji inaondoka.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inakwenda mbali zaidi. Inayagusa mapatano ya mtandaoni kwa jina, ikitaka mnunuzi apewe maelezo kabla ya kukubali na nafasi ya wazi ya kukataa. Inahesabu pia kuwa ni mwenendo usio wa haki kutumia chuku, kauli za mafumbo au utata kuhusu jambo la msingi, au kulinyamazia jambo hilo, iwapo hali hiyo yaweza kumdanganya mnunuzi. Chuku, mafumbo na utata: hizi ni istilahi ambazo mwanafunzi wa fasihi hukutana nazo darasani kila wiki. Bunge limeziingiza sokoni.

Pamoja na hayo, pengo lipo. Sheria hizi zimemlenga hasa mtu ambaye kuuza ndiyo biashara yake. Jirani anayeuza kipakatalishi chake kimoja, au mwanafunzi anayeuza rununu yake ya zamani, hayumo kikamilifu katika mkondo huo, na makundi ya minada ya mtandaoni yamejaa watu wa namna hii. Ujerumani ililishughulikia tatizo linalokaribiana na hili mwaka 2004, pale mahakama yake kuu ya madai ilipoamua kwamba mtumiaji aliyenunua kwa mfanyabiashara katika mnada wa eBay ana haki ya kujiondoa katika mapatano, ingawa muuzaji alidai kwamba minada imesamehewa sharti hilo. Huko nako haki hiyo ilimhusu mfanyabiashara, si mtu binafsi. Kwa kesi za watu binafsi, Kenya imefungua mlango mwingine: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuyaamua katika siku sitini. Hata hivyo, ni wangapi watasafiri kudai bei ya mbuzi wawili? Kwa walio wengi, haki itapatikana tu ikiwa imo katika desturi za mnada wenyewe.

Aibu na hiari: hazina iliyomo katika lugha

Desturi hizo hazihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Zimo katika Kiswahili, na zimo katika elimu ya dini inayofahamika vyema huko Rhamu.

Neno aibu leo lina maana ya fedheha. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ila au dosari, na katika fikihi ya biashara lingali na maana hiyo: aibu ya mnyama ni upungufu unaomshusha thamani. Neno hiari nalo, ambalo leo lina maana ya kufanya jambo bila kulazimishwa, linatokana na mzizi uleule unaotumiwa na wanazuoni kuitaja haki ya mnunuzi au muuzaji ya kuuvunja mkataba. Ukiyaunganisha maneno haya mawili, unapata kanuni nzima: mnunuzi aliyekuta aibu iliyofichika katika kitu alichokinunua ana hiari ya kukirejesha. Mswahili anayatamka maneno haya kila siku bila kukumbuka kwamba amebeba sheria ya soko mdomoni. Lugha yenyewe imetuma ujumbe: kilichokuwa ila ya bidhaa kimekuwa fedheha ya mtu. Huenda hiyo si bahati tu.

Wanazuoni hawakuishia kwenye kauli ya jumla. Wafugaji wanaijua hila ya kumfunga chuchu mbuzi au ngamia jike asikamuliwe kwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mwingi wa maziwa. Hila hii ilikatazwa katika mafundisho ya Mtume Muhammad, na aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya kumweka au kumrejesha pamoja na pishi ya tende. Katika baadhi ya mapokezi, muda uliotajwa ni siku tatu. Zingatia kwamba mnunuzi huyo alikuwa na macho na alikiona kiwele. Lakini alichokiona kilikuwa kimetengenezwa kimdanganye. Picha ya skrini iliyozimwa ni kiwele kilichofungwa.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wasomali na Waswahili wengi, yana mambo mawili mengine yanayogusa mada hii. Kwanza, kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo haikubali kuuzwa kwa kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Madhehebu ya Hanafi yanakubali, ila yanampa mnunuzi hiari ya kuona, yaani haki ya kukataa pindi atakapokitia machoni. Pili, muuzaji anayesema nauza bila dhamana ya ila yoyote hasalimiki kwa kauli hiyo pekee. Kwa mnyama, anasalimika na ila ya ndani asiyoijua. Ila aliyoijua akainyamazia inabaki shingoni mwake. Kauli ya mali ikishauzwa hairudishwi, inayobandikwa madukani kana kwamba ni aya, haina mizizi katika elimu hii.

Ajabu ni kwamba elimu hii haina mahakama. Katiba, katika ibara ya 170, imewapa makadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pekee kwa Waislamu waliokubali kufika mbele yao. Kesi ya kiwele kilichofungwa haimo. Kinachobaki ni wazee, mashehe na madalali, yaani jamii yenyewe.

Wajibu wa mnunuzi

Ingekuwa dhuluma kumtwika muuzaji kila kitu. Wapo wanunuzi wanaoshindana kwa mzaha, wakishinda wanatoweka. Wapo wanaotumia kitu kwa mwezi mzima, wakakiangusha, kisha wakadai kilifika kimevunjika. Wapo wanaolipa robo ya bei ya dukani wakitarajia ubora wa dukani. Muuzaji wa kitu kimoja mara nyingi ni mtu mwenye shida kama mnunuzi wake, na fedha alizopokea huenda zimekwisha lipa karo.

Mnunuzi asiye na macho bado ana ulimi. Wajibu wake wa kwanza ni kuuliza, tena kwa maneno yenye kipimo: betri hudumu dakika ngapi, kimewahi kufunguliwa na fundi, naweza kutumiwa picha kikiwa kimewashwa? Jibu la uongo kwa swali la wazi ni hoja nzito kuliko ukimya. Wajibu wa pili ni kuhifadhi kila kilichosemwa: tangazo, picha, majibu na ujumbe wa malipo, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wajibu wa tatu ni kukifungua kifurushi mara kinapofika, mbele ya shahidi ikiwezekana, na kusema papo hapo. Mashafi wanasisitiza kwamba hiari ya kurejesha ni ya hapo hapo. Anayeijua ila akaendelea kukitumia kitu amekwisha kuiridhia. Wajibu wa nne ni kukirejesha kama kilivyokuja. Kikipata dosari mpya mkononi mwake, haki yake inabadilika na kuwa ya kupunguziwa bei.

Wajibu wa dalali mpya

Linabaki suala la dalali. Katika mnada wa mtandaoni dalali ni mwenye tovuti au msimamizi wa kundi, ambaye mara nyingi husema kwamba yeye hahusiki, kwamba kazi yake ni kuwakutanisha watu tu. Dalali wa Rhamu angesema hivyo, asingepata kazi tena. Anayefungua uwanja wa mnada na kunufaika nao, iwe kwa ada au kwa umaarufu, amechukua sehemu ya dhamana.

Mambo matatu yangetosha kuanzia. Msimamizi amjue muuzaji kwa jina na mahali, kama dalali anavyoujua ukoo wa mwenye mnyama. Fedha zikae kwa mtu wa tatu kama amana hadi mnunuzi akipokee kitu na kukikagua. Na kundi lenyewe litangaze muda wa hiari: siku tatu tangu kupokea, zikihesabiwa Rhamu kifurushi kinapofika na si Nairobi kinapopakiwa. Aliyekanushwa na ushahidi mara mbili aondolewe, na sababu isemwe mbele ya wote.

Hitimisho

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili hakiwezi kutunga sheria wala kufungua mahakama Mandera. Kinaweza kufanya jambo dogo lililo katika uwezo wake: kuandaa na kueneza mfano wa tangazo la uuzaji kwa Kiswahili chenye kipimo. Tangazo la namna hii halihitaji ufasaha mkubwa:

"Kipakatalishi kilichotumika miaka minne. Betri hudumu dakika ishirini. Mstari mmoja mweusi kwenye skrini, tazama picha ya pili. Kamera sijaijaribu. Kilifunguliwa na fundi mara moja. Mnunuzi ana siku tatu tangu kukipokea."

Muuzaji atakayeandika hivi huenda akapata bei ya chini kidogo. Lakini hatapigiwa simu ya lawama alfajiri, na mwalimu wa Rhamu atajua anacholipia kabla ya kutuma thamani ya mbuzi wake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, tena kwa picha nzuri. Kitakachovitenganisha ni neno la kweli la yule aliyekuwa na macho, akijua kwamba mwenzake hana.